Kinu cha Uraiwan

Pensri aliijua harufu ile kabla mumewe hajamaliza kushuka kwenye gari. Ilikuwa harufu ya sataw, zile mbegu za kijani za kusini mwa Uthai ambazo mtu akizila leo, jasho lake linamtangaza mpaka kesho kutwa. Pensri alikuwa amesimama mlango wa nyuma wa mgahawa wao, anamwaga maji ya kuoshea mchele. Damrong alimpita akamsalimu kwa kichwa tu, mdomo ameufumba kama mtu aliyebeba maji, akaenda moja kwa moja chooni kupiga mswaki. Mwanamume mwenye mvi kichwa kizima, alasiri yote hiyo, anapiga mswaki.

Mgahawa wao uliitwa Yungiyungi, na sataw haikuwahi kuvuka kizingiti chake. Pensri alikuwa mtu wa Bangkok, aliyezaliwa kando ya mfereji na kulelewa na shangazi aliyewapikia watu wenye nafasi zao. Alijua kulichonga papai likawa waridi. Tambi zake za kukaanga ziling'aa kwa ukwaju na sukari ya mnazi, na mchuzi wake wa kijani ulikuwa na tui zito ambalo Wamarekani wa bonde zima la San Fernando walilifuata kwa magari, wakaleta watoto wao, na watoto wale wakakua wakaleta wachumba. Damrong yeye alikuwa mtu wa Nakhon, kusini kabisa, kwa watu wanaokula pilipili kama wanakomoana. Kazi yake Yungiyungi ilikuwa mbele: shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, karibuni sana, meza ya dirishani iko wazi. Jikoni hakuingia. Huo ndio uliokuwa mpango wao tangu walipofungua, na Pensri hakukumbuka kama kuna mtu aliyewahi kuulalamikia.

"Umekula wapi?" alimwuliza alipotoka chooni.

"Hekaluni. Waumini waliwaletea watawa chakula cha kwetu, kikabaki, nikakaribishwa."

"Chenye sataw."

"Kidogo tu," Damrong akasema, akaenda zake mbele kupanga vijiko na uma.

Kila Alhamisi alikwenda hekaluni kusaidia kazi, na Pensri hakuwahi kumshuku. Lakini uongo wa mtu asiyezoea kudanganya una mlio wake, na Pensri aliusikia.

Ukweli aliupata saluni. Jintana, rafiki yake tangu siku walizokuwa wakiuza nguo pamoja walipofika tu Amerika, alikuwa na saluni milango michache kutoka Yungiyungi, na hakuna jambo la Wathai wa bonde lile lililopita bila kukalia kwanza kiti chake. Siku ile alikuwa anampaka Pensri rangi ya nywele, na alikuwa kimya. Kimya cha Jintana kilitisha kuliko maneno yake.

"Sema," Pensri akamwambia.

"Niseme nini?"

"Unanipaka rangi kama unapaka maiti. Sema."

Jintana akaweka brashi kwenye bakuli. "Shoga, mimi sitaki ije isemwe nimevunja nyumba ya mtu."

"Nyumba yangu ni ya matofali. Sema."

"Kaka Damrong nimemwona kwa Uraiwan. Si mara moja. Kila Alhamisi gari lake liko pale nyuma. Na haingii kama mteja, dada Pen. Anapitia mlango wa jikoni."

Rangi ilimtiririka Pensri mpaka sikioni, hakuifuta.

Uraiwan alikuwa mjane wa makamo, mnene wa mikono, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Alihamia kutoka Texas baada ya mumewe kufariki, akachukua duka lililokuwa la donati ng'ambo ya barabara kuu, akabandika dirishani karatasi yenye neno moja la Kithai: Kusini. Mwanzoni waliokuwa wakienda pale ni madereva na manesi wa Kithai tu. Halafu akaja mwandishi wa chakula wa gazeti moja, akala, akatokwa machozi kwa pilipili, akaandika. Aliandika kwamba hatimaye mji umepata mgahawa halisi wa Kithai, si ile michuzi ya sukari tuliyodanganywa nayo miaka yote. Wathai wote wa bonde waliisoma habari ile, na wote walipofika kwenye sukari walimfikiria mtu mmoja.

"Halisi!" Pensri alikuwa amesema siku hiyo, akilitema neno kama mfupa wa samaki. "Kwa hiyo mimi ni wa plastiki."

Lakini neno lile lilimfuata mpaka kwake. Mzee mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa amekula tambi zake tangu ana nywele, aliinua uma akamwuliza kwa upole kabisa, "Samahani mama, hiki ndicho mnachokula wenyewe?" Pensri alitabasamu, akarudi jikoni, akakata kabichi hata isiyohitajika.

Sifa kuchukuliwa, hilo alikuwa ameanza kulimeza. Lakini mume! Wiki ile nzima alimchunguza Damrong kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Akagundua kwamba alikuwa amenyoa vinyweleo vya masikioni. Akagundua kwamba alikuwa anaimba kwa pua anapofuta meza, wimbo wa kikwao ambao Pensri hakuujua maneno. Jumatano, alipompokonya trei, akaona kiganja chake cha kulia kina sugu mpya, ngumu, chini ya kidole gumba.

"Hii umeipata wapi?"

"Fagio la hekaluni," Damrong akasema, akauficha mkono kama mtoto.

Pensri alikaa chini juu ya gunia la mchele. Fagio gani! Anamtengenezea mwanamke yule nyumba. Anampigia misumari, anamtundikia rafu, na mimi bomba langu la jikoni linadondosha maji tangu mvua za mwaka jana. Aliwaona waziwazi: Damrong juu ya ngazi, na Uraiwan chini ameishika, anacheka kile kicheko chake, mikono ile minene imeinuliwa. Akajikuta anasaga meno.

Alhamisi, Damrong alipoaga kwenda hekaluni, Pensri alivua aproni, akamwachia jiko Rogelio, mpishi wake Mmeksiko, na kuingia chumba cha nyuma kuvaa. Alivaa blauzi ya hariri ya zambarau na mkufu wa dhahabu aliopewa na shangazi, akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akaipaka tena. Alipotoka alimkuta Jintana tayari yuko mlangoni na mkoba.

"Na saluni?"

"Nimefunga. Hili mimi siwezi kulisubiri nisimuliwe."

Kwa Uraiwan kulikuwa na watu mpaka nje, Wamarekani vijana wenye michoro mikononi wakisubiri juani kwa adabu. Ndani, ile kaunta ya donati ilikuwa bado ipo, sasa imejaa mitungi ya achari. Dirishani ile habari ya gazeti ilikuwa imebandikwa, tayari imepauka. Gari la Damrong Pensri alikuwa ameshaliona nyuma ya jengo, limeegeshwa kivulini, vizuri, kama gari lililo nyumbani.

Uraiwan alitokea na sahani mikono miwili. Alipomwona Pensri aliziweka kwenye meza iliyokuwa karibu, bila kujali ni ya nani, akaunganisha viganja akainamisha kichwa mpaka chini, kama mdogo kwa mkubwa.

"Dada Pensri wa Yungiyungi! Tangu nifungue najiuliza, huyu dada mkubwa atakuja lini kunionja?"

"Kazi nyingi," Pensri akasema.

"Ndiyo, nasikia kwako kunajaa." Pensri akatafuta mwiba kwenye maneno yale, na kwa vile hakuupata akauweka mwenyewe.

Wakapewa meza ya katikati, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri.

"Nikuletee nini, dada?"

"Kila alichokisifia yule mwandishi."

"Pilipili nipunguze?"

Jintana akaangalia dari.

"Unipunguzie mimi?" Pensri akauliza.

"Nauliza tu, dada. Watu wa Bangkok wengine..."

"Lete kama unavyojilia mwenyewe."

Kwanza ikaja sinia ya mboga mbichi: matango, kunde ndefu, majani machungu. Pensri aliinua kipande cha tango akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatwa kama kuni. Moyo ukamtulia kidogo.

"Ona," akamnong'oneza Jintana. "Hajui hata kushika kisu."

"Ni tango, shoga."

"Mtu hujulikana kwa tango."

Ikaja nyama iliyokaangwa kavu kwa manjano, ikaja supu chachu ya samaki na vichipukizi vya mianzi, ikaja sataw iliyokaangwa na kamba na uduvi uliochachushwa. Pensri alikula polepole, anatafuta kosa. Alitafuta chumvi iliyozidi, hakuipata. Alitafuta samaki aliyeiva mno, akakuta nyama inaachana na mfupa kama ilivyotakiwa. Pilipili ilipanda ikamkaa masikioni. Jasho lilimchuruzika mgongoni chini ya hariri, naye hakugusa maji, kwa sababu Uraiwan alikuwa amesimama kwenye kaunta anamtazama. Jintana yeye alishakunywa jagi zima na kuomba jingine, pua inamtiririka, anakula kwa kasi ya mtu aliyesahau amekuja kugombana.

"Ni kitamu, Mungu anisamehe," Jintana akasema.

"Kula, usisifu."

Mwisho kikaja kibakuli kidogo cheusi cheusi, mvuke unafuka. Mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyochachushwa, chakula kinachowatenga watu wa kusini na dunia nzima. Pensri alichota, akamwagia kwenye wali, akala.

Akaweka kijiko chini.

Mchuzi ule alikuwa ameula mara moja tu maishani, akiwa bibi harusi mpya, sakafuni kwenye nyumba ya mbao huko Nakhon. Mama mkwe, mwanamke mkavu asiyempenda yule msichana wa Bangkok wala kumficha kwamba hampendi, alikuwa amevichoma vitunguu na mizizi ya khulinjani ndani ya majivu kabla ya kuvitwanga, na pilipili manga alizikaanga mpaka zikakaribia kuungua. Ladha ya moshi ule ilikuja nyuma kabisa, baada ya ukali na chumvi kupita, ikakaa kwenye koo. Pensri aliwahi kula michuzi ya aina ile hekaluni, kwa watu wa kusini wengine. Hakuna hata mmoja uliokuwa na moshi ule. Mama mkwe alikuwa amezikwa zamani, na hakuwa na binti.

Ndipo akasikia mchi. Ulikuwa unapiga tangu waingie, nyuma ya pazia la jikoni, tk-tok, tk-tok, na yeye alikuwa ameusikia bila kuusikiliza. Halafu mchi ukasimama, na mwanamume akacheka.

Pensri alikuwa ameishi na Damrong miaka mingi kuliko aliyoishi na wazazi wake. Alikijua kicheko chake cha wateja, kicheko cha simu, kicheko cha kumridhisha binti yao Nida anapopiga simu kutoka Seattle. Kicheko hiki kilitoka tumboni, kikakatika kwa kikohozi, kikaendelea. Hakukijua.

Akasimama. Jintana akamshika blauzi. "Dada Pen, watu wanatuona."

"Waone."

Akafunua pazia.

Damrong alikuwa ameketi kwenye kigoda, kinu cha jiwe katikati ya magoti, shati ameliangika ukutani na kubaki na fulana. Kiunoni alikuwa amefunga aproni ya maua. Uso ulikuwa mwekundu kwa pilipili, vidole vya njano kwa manjano, na mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo alikuwa bado anafuta macho kwa kicheko. Damrong alimwona mkewe. Mchi ukabaki hewani.

"Endelea," Pensri akasema. "Watu wana njaa huko."

"Pen..."

"Nimesema twanga!"

Akatwanga. Alitwanga pigo moja, la pili, halafu akaweka mchi chini.

Uraiwan alikuwa ameshafika nyuma yao. "Dada, njoo tukae pale uani tuzung..."

"Wewe subiri zamu yako." Pensri hakumgeukia hata. "Ule mchuzi ni wa mama yako."

"Ndiyo," Damrong akasema.

"Uliniambia alikufa nao."

"Sikusema hivyo. Mimi nilisema mama amekufa. Wewe ndiye uliyesema, basi na mchuzi wake umekwenda naye, afadhali, ulinuka mpaka mtaa wa pili."

"Nilikuwa natania!"

"Nami nilicheka."

Yule mama wa vyombo akafungua bomba kwa nguvu ili asionekane anasikiliza. Jintana, aliyekuwa ameshikilia pazia, hakujisumbua kujificha.

"Ningekukuta kitandani naye," Pensri akasema, na sauti ikaanza kumponyoka, "ningejua la kufanya. Ningevunja sahani, ningelia, hekalu zima lingenihurumia. Sasa hili nikamwambie nani? Mume wangu anamtwangia mwanamke mwingine pilipili? Watanicheka, Baba Nida! Miaka yote hiyo nasimama mbele ya moto peke yangu, wewe na kalamu yako mfukoni, sikujua hata kama mkono wako unajua kushika mchi!"

"Ulisema nisiingie jikoni."

"Lini?"

"Mwaka tulipofungua. Nilichoma uduvi, ukasema nitakufukuzia wateja. Ukanitoa mbele ya wapishi."

"Na mtu akitolewa mara moja ndiyo harudi tena?"

Damrong alijitazama viganja.

Hapo Uraiwan akaona zamu yake imefika, na hakuitumia kama Pensri alivyotegemea. Alijifuta mikono, akasema taratibu, "Dada, nitakuambia kweli kwa sababu umekula chakula changu. Siku ya kwanza alikuja kula kama mteja. Akaniambia, dada, mchuzi wako umekosa kitu. Nikataka kumrushia ungo. Akaniomba kinu. Alipomaliza, ukapikwa, akaonja, akalia pale kwenye ile meza ya pembeni kama mtoto. Na mimi moyoni nikasema, mwanamume huyu akinitamkia neno moja tu, namfuata. Mjane ni mtu, dada. Sikuonei haya. Lakini hakutamka. Aliosha kinu akaenda zake, na Alhamisi iliyofuata akarudi."

Pensri alikuwa amesikia yote, lakini aliloshika lilikuwa moja.

"Alilia?"

"Alilia."

"Mbele yako."

Uraiwan akatambua amesema nini.

Damrong hakulia walipomzika baba yake Pensri. Hakulia Nida alipozaliwa, wala alipoondoka. Pensri alikuwa amejizoeza kuamini kwamba mwanamume wake ameumbwa bila machozi, kama wengine wanavyoumbwa bila sauti ya kuimba, na akamsamehe. Kumbe yalikuwapo. Yalikuwa yanasubiri meza ya pembeni kwenye duka la donati.

Alitoka bila kuaga. Jintana ndiye aliyelipa, na ndiye aliyefungiwa ule mchuzi uliobaki, akaubeba kifuani kama mtoto mchanga.

Siku ile na iliyofuata watu wa Yungiyungi waliishi kama kwenye nyumba ya mgonjwa. Rogelio alipika kwa kunong'ona. Damrong alikaribisha wateja, akapanga uma, akalala ukingoni mwa kitanda. Asubuhi ya Jumamosi alikuta kwenye meza ya jikoni kinu cha jiwe, kipya, kizito, bado kina vumbi la dukani, na kando yake uduvi, khulinjani, mchaichai na lundo la pilipili kavu.

"Twanga," Pensri akasema, mgongo amempa.

"Wateja watakimbia."

"Wateja ni wangu. Twanga."

Alitwanga. Aliogopa kwanza, akapiga kama anagonga mlango wa mkubwa wake, halafu mkono ukakumbuka. Pensri alichoma vitunguu mwenyewe na kukoroga mwenyewe, na harufu ilipotoka jikoni ikavuka mpaka meza ya dirishani, yule mzee wa Kimarekani aliinuka akaja mpaka mlango wa jikoni kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka.

"Ni chakula halisi, bwana," Pensri akamwambia. "Si ulikiulizia?"

Mzee alionja kwa ncha ya kijiko, akanywa maji, akaomba tambi zake za siku zote. Lakini vijana wawili wa meza ya pili waliagiza bakuli zima, na Pensri aliwatazama wanavyotokwa jasho kwa furaha ambayo hakuitegemea.

Tangu hapo Damrong hakwenda tena ng'ambo ya barabara kuu. Pensri angeweza kuliacha pale. Lakini wivu ukishazoea kulishwa hauachi kudai chakula, na Alhamisi moja, bila kumwambia hata Jintana, alikwenda kwa Uraiwan peke yake. Alitaka kuuonja mchuzi ule sasa ambapo mkono wa Damrong haumo. Alitaka kuukuta umekufa.

Uraiwan alimletea bila kumwuliza lolote. Pensri alionja. Moshi ulikuwa palepale, kwenye koo, haukupungua hata chembe.

"Nani anakutwangia?"

"Mimi mwenyewe. Zamani sana. Nilishaujua baada ya Alhamisi chache tu, dada. Si mchuzi mgumu."

"Basi miezi yote ile alikuwa anakuja kufanya nini?"

Uraiwan alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kutwanga. Na kuongea."

"Damrong? Kuongea?"

"Habari za mama yake. Habari za kwao. Sikuwa namwuliza, alikuwa anaongea tu, mchi unakwenda. Nilifikiri na nyumbani ndivyo alivyo."

Pensri alilipa, akarudi Yungiyungi kwa miguu, mwendo mrefu juu ya daraja la barabara kuu, magari yananguruma chini yake. Alikuwa na hasira kiasi kwamba aliona kila kitu vizuri sana, kila jani kavu kwenye uzio. Alipofika alimkuta Damrong kwenye kigoda. Akavuta kreti, akaketi mbele yake, akaanza kumenya vitunguu saumu.

"Niambie habari za mama yako," akasema.

"Habari gani?"

"Unazomwambia yule."

Damrong akatazama mlango, akatazama kinu. Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, akaanza. Akamsimulia jinsi mama alivyokuwa akiuza mchuzi kituo cha reli na kuwapiga kwa mwiko abiria waliojaribu kutolipa. Akamsimulia gharika iliyochukua jiko, na mama akaogelea kulifuata.

"Hii ulimwambia Uraiwan?"

"Ndiyo."

"Na ile ya mwiko?"

"Na ile."

"Basi nipe nyingine!"

Ikawa ndiyo desturi yao, kila asubuhi kabla ya kufungua. Yeye anatwanga, mke anamenya na kuuliza swali lile lile, na mara nyingi jibu ni ndiyo, na mara nyingi Pensri anainuka kwa hasira na kwenda kuhesabia mtu mwingine makosa. Mpaka asubuhi moja Damrong aliuweka mchi chini, akasema kwamba alipokuwa mdogo mama yake aliwahi kuondoka nyumbani. Alimfuata mwanamume wa meli ya uvuvi. Alikaa huko mpaka watoto wakazoea kujipikia. Halafu siku moja walirudi kutoka shule wakamkuta ameketi sakafuni, anatwanga, kama vile hakuondoka.

"Na baba yako?"

"Alirudi kutoka shambani, akanawa, akakaa. Mama akampakulia."

"Akamwambia nini?"

"Hakusema kitu. Alikula. Akaomba aongezwe."

Pensri alishikilia kitunguu saumu bila kukimenya. Jikoni palikuwa na harufu ambayo zamani ingemfanya afungue madirisha yote.

"Hii ulimwambia Uraiwan?" akauliza, na safari hii alikuwa anaogopa.

"Hapana," Damrong akasema. "Hata na kaka zangu hatujawahi kuisema."

Pensri alisogeza kreti karibu kidogo, akaendelea kumenya.

Wivu haukumwisha. Bado kila mara huenda kwa Uraiwan na Jintana, amevaa hariri, na hula mpaka jasho limloweshe, na Uraiwan humwinamia kama mdogo kwa mkubwa, na wote wawili huagana kwa maneno matamu mno. Wala hakuacha kutafuta kosa. Mwisho akalipata, siku ya mkesha wa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, wakati watu wamejaa na Uraiwan amezidiwa na kazi. Alirudi nyumbani amechangamka kama msichana.

"Wali wake umeloa," akamtangazia Damrong hata kabla ya kuvua viatu. "Nakuapia. Umeshikana kama uji. Mwulize Jintana."

Damrong alikuwa mezani, anakula. Akafikiri kidogo, akafuta mdomo.

"Sasa kwa vile umesema," akajibu, "naona hata zamani ulikuwa unaloa loa."

Pensri alijua anamdanganya. Wali wa Uraiwan haukuwahi kuloa hata mara moja kabla ya siku ile. Akachukua kijiko, akachagua kipande kizuri cha samaki kwenye bakuli, kile cha shavuni, akamwekea mumewe juu ya wali.